Magoti ya Bibi Oymoh

Jumapili ile Savri aliamka kabla ya jogoo, akakuta matandiko ya bibi yake yamekunjwa vizuri pembeni na viatu vyake vya mpira havipo mlangoni.

Hakushtuka. Bibi Oymoh alikuwa mtu wa kuamka mapema, na leo kulikuwa na wageni. Bila shaka amevuka ua kwenda kwa jirani yake, Bibi Hosiyat, kukanda unga wa sambusa. Savri akawasha jiko, akabandika birika, akasimama mbele ya dirisha na kuanza kufanya mazoezi, maana kilichomnyima usingizi hakikuwa unga.

"Karibuni Obisafed," aliliambia dirisha. "Naitwa Savrinisso, nitawaongoza leo."

Sauti ilitoka nyembamba kama uzi wa kutungia shanga. Akakohoa, akarudia. Ilitoka vilevile.

Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Darasani alijua majibu, akayameza. Chuoni Dushanbe alisoma elimu ya mimea na kufaulu vizuri, lakini siku ya kugawa vyeti mwalimu alimuuliza kama yeye ni dada wa mhitimu. Kisha akapata kazi mjini, ya kugonga mihuri katika chumba kisicho na dirisha, na kila machipuo yalipofika alijiona kama nguo ya sufu iliyosahauliwa sandukuni. Alitaka kurudi nyumbani. Lakini nyumbani angefanya nini?

Jibu lililetwa na watu wa mjini wenyewe. Siku hizi walikuwa wamepatwa na ugonjwa mpya: kila Jumapili walivaa viatu vizito, wakabeba mikoba mgongoni, wakapanda milima ambako hawakuwa na mbuzi wala shamba. Na Obisafed, kijiji chao, ilikuwa na njia yake, inayopanda ubavu wa kilima kutoka kwenye chemchemi hadi Jiwe la Kondoo na kuendelea. Mwanzoni mwa machipuo ubavu ule wote ulijaa boichechak, yale maua madogo meupe yenye moyo wa manjano, yanayotoboa udongo mara tu theluji inapoondoka. Kwa nini wageni wasije kuyaona? Na kwa nini asiwe yeye wa kuwaongoza, alale kwa bibi yake badala ya kulala na mihuri?

Alimtumia ujumbe Dada Mahvash, mwenye kampuni ndogo ya matembezi mjini. Mahvash alikuwa mwanamke asiyezungusha maneno.

"Nitaleta kundi moja, niione njia kwa macho yangu," alimjibu kwa simu. "Ikifaa, naiweka kwenye matembezi yetu, na kazi ni yako. Isipofaa, tusisumbuane. Na jambo moja, mdogo wangu: kwangu hakuna kuchuma. Ua linabaki lilipoota."

Jumatano Savri aliomba ruhusa kazini, akaja kijijini, akapanda hadi Jiwe la Kondoo kuhakikisha. Kilima kilikuwa kama kimemwagiwa maziwa. Aliteremka mbio, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliingia nyumbani bila kubisha.

"Bibi! Jumapili wageni wanakuja kutoka mjini kuona boichechak."

Bibi Oymoh aliacha kusokota sufu. "Kutoka mjini kote huko? Boichechak tu?"

"Boichechak tu."

"Masikini. Kwao hawana hata wa kuwapelekea." Akafikiri kidogo. "Ni vijana au watu wazima?"

"Mchanganyiko. Kuna daktari mmoja wa meno, Dada Mahvash anasema ana tumbo."

"Mwenye tumbo, kilimani!" Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi mjukuu wangu, usihangaike. Niachie mimi."

Savri alidhani anaongelea sambusa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na mtu aliyekulia Obisafed hakupaswa kulifanya. Huko ua la kwanza haliendewi, linaletwa. Wadogo hulichuma, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba. Mwenye nyumba hulipokea kwa mikono miwili, akalipitisha kwenye macho na nyusi, akashukuru kwa kuuona mwaka mwingine, kisha akawapa waimbaji unga, siagi au peremende. Mtu mzima hatoki kwenda kulitafuta, sembuse mgeni. Kumwambia mgeni apande kilima akajionee ua ni sawa na kumwonyesha kata na mto ukamwambia, "Karibu maji." Bibi Oymoh alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Savri naye alilijua, ila kichwa chake kilikuwa kimeshavaa viatu vya kupandia.

Basi dogo la wageni lilifika jua likiwa limegusa paa za nyumba. Wa kwanza kushuka alikuwa Mahvash, mrefu, suruali yake nzuri ya kijivu imepigwa pasi hata kwa safari ya mlimani. Nyuma yake wakaja wengine wakijinyoosha viuno, na wa mwisho alikuwa daktari wa meno, Doniyor, tumbo likitangulia, fimbo mbili za kupandia mkononi zingali na karatasi za dukani.

Savri alisimama kwenye kijiwe. "Karibuni Obisafed," alisema.

"Nasikia ndege!" Doniyor akaweka kiganja sikioni. "Au ni wewe, dada? Paza sauti! Mimi kazini kwangu watu wanapiga kelele wakiwa na mikono yangu mdomoni!"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Savri akawaka masikio, akageuka, akaonyesha njia kwa mkono. Mkono haukuwa na tatizo la sauti.

Wakaanza kupanda. Hewa ilinuka udongo uliolowa na moshi. Ulikuwa moshi wa matawi ya mtofaa yaliyopogolewa juzi. Maji ya theluji yalikimbia kandokando ya njia yakinong'ona. Mawe yalikuwa na alama nyekundu alizozipaka Savri mwenyewe. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa maua.

Kwenye kona ya kwanza hakukuwa na kitu. Savri akajiambia, ni kivuli cha ukuta wa zizi. Kwenye kona ya pili, pale alipokuwa amepiga magoti Jumatano na kucheka peke yake, palikuwa na majani membamba ya kijani tu.

"Haya maua ni ya aina ya wanaojificha?" Doniyor aliuliza huku akihema. "Kama ni ya aibu kama kiongozi wetu, tutafute mchana kutwa."

Mahvash hakucheka. Alichuchumaa, akashika kitu kidogo kati ya vidole viwili. Kilikuwa kikonyo, kimekatika, kingali na maji.

"Yamechumwa," alisema. "Asubuhi hii hii."

Watu wakatazama juu ya kilima, na sasa kwa kuwa walijua cha kutazama, wakaona. Vikonyo vitupu kila mahali. Na kwenye tope, katikati ya vikonyo, nyayo ndogo za viatu vya mpira.

Savri aliinama. Wayo mmoja ulikuwa na kiraka kisiginoni, kipande cha tairi la baiskeli kilichokatwa mshazari. Alikifahamu kiraka kile. Alikibandika mwenyewe kwa gundi, majira ya baridi yaliyopita, akaungua kidole.

"Nani amefanya hivi?" Mahvash aliuliza.

Savri alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na alama zake nyekundu.

"Unamjua?"

"Ni bibi yangu," alisema.

"Nani?"

"Bibi yangu."

"Dada, hatukusikii!" Doniyor akapaza sauti kutoka nyuma.

"BIBI YANGU!"

Hakujua sauti ile ilitoka wapi. Ilipiga mwamba wa ng'ambo, ikarudi: bibi yangu, yangu, angu. Kunguru wawili wakaruka mtini. Na kabla mwangwi haujaisha, kutoka juu, nyuma ya Jiwe la Kondoo, sauti ya kizee ikaitika:

"Naam, mjukuu wangu! Huku! Tumekwama!"

Wakawakuta wamekaa kwenye jua, wameegemea jiwe kama mitungi mitatu: Bibi Oymoh, Bibi Hosiyat wa nyumba ya pili, na Bibi Zaragul, mwenye nyumba ya karibu na chemchemi. Vitambaa vyao vya kichwa vilikuwa vimelegea, mashavu mekundu kama ya wasichana waliotoroka kazi za nyumbani. Na mbele yao mabeseni matatu yamejaa boichechak hadi ukingoni.

"Mbona mmepanda?" Bibi Oymoh aliwafokea wageni kabla ya salamu. "Nani kawaambia mpande? Sisi tulikuwa tunawaletea!"

"Tungekuwa tumeshafika chini zamani," alisema Bibi Hosiyat, "ila goti la Zaragul limegoma."

"Goti langu!" Bibi Zaragul akang'aka. "Nani aliyesema, 'Twende mbele kidogo, kuna mengine mazuri zaidi'? Goti langu lilisema turudi tangu zizini. Goti langu ndilo peke yake lililokuwa na akili!"

"Bibi," alisema Savri, karibu kulia. "Walikuja kuyaona."

"Na watayaona! Mabeseni matatu! Wanataka mangapi?"

Bibi Oymoh alijiinua kwa kushika jiwe, akapiga kofi mara mbili kuwaamuru wenzake, na vizee vitatu vikaanza kuimba. Hawakuwa wameuimba wimbo ule tangu walipoolewa, maana ni wa wadogo. Bibi Zaragul alisahau maneno, akaweka ya kwake:

*Ua limetoka, fungua mlango,*
*baridi imekwenda na mizigo yake,*
*tupe siagi, tupe na unga,*
*na goti jipya kama unalo.*

Akiimba, Bibi Oymoh alimwendea Doniyor kwanza, kwa sababu ya tumbo, na kumpa konzi ya maua kwa mikono miwili.

Daktari wa meno alikuwa tayari amefungua mdomo kutoa mzaha. Badala yake akavua kofia yake, akapokea maua, akayapitisha taratibu kwenye jicho la kulia, kwenye la kushoto, kwenye nyusi.

"Tumefika mwaka huu," alisema, "Mungu atufikishe na ujao." Kisha akabaki kuyaangalia mkononi. "Tangu mama yangu aondoke hakuna aliyeniletea."

"Sasa umeletewa," alisema Bibi Oymoh. "Na punguza mkate, mwanangu, mama yako angekwambia."

Kicheko kilichozuka kilikuwa na machozi ndani yake. Maua yakapita mkono kwa mkono. Mmoja baada ya mwingine, wale watu wenye mikoba mgongoni waliyapitisha machoni, na hata ambao hawakuwahi kupelekewa walimtazama jirani na kufuata. Mahvash naye alipokea. Angekataaje? Aliyapitisha machoni haraka, kama mtu anayefuta jasho, kisha akamvuta Savri pembeni.

"Nimefurahi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikudanganyi. Lakini mimi ninaleta watu kutembea. Nikiwaleta Jumapili ijayo watakuta nini? Vikonyo? Siwezi kuiweka njia hii, mdogo wangu. Tushuke, tunywe chai na hawa mama, turudi mjini."

Savri aliitika kwa kichwa. Alikuwa amezoea kuitika kwa kichwa. Akaiona meza na mihuri na chumba kisicho na dirisha, akainua macho ili machozi yasishuke, na alipoyainua akauona ukingo wa theluji.

Ulikuwa juu yao, upande wa kivuli, ng'ambo ya bonde dogo. Theluji ilikuwa imejikunja pale kama pindo la gauni la mtu anayevuka mto, na chini ya pindo udongo mweusi ulimeremeta.

"Hatujafika," alisema.

"Nini?"

"Hatujafika!" Safari hii alilisema kwa kundi zima, na waliokaa mwisho wakageuka. "Ua hili halikai mahali pamoja. Linafuata theluji. Linatoka pale theluji inapoondoka. Huku chini lilitoka wiki iliyopita. Kule lilikuwa bado limefunikwa juzi. Leo limetoka. Jumapili ijayo litakuwa juu zaidi, na ile nyingine juu zaidi ya hapo, mpaka malisho ya kiangazi. Njia haiishii hapa. Mimi ndiye niliyeikata hapa, kwa kudhani wageni watachoka."

Akashika mdomo kama mtu aliyevunja sahani.

"Kumbe yumo!" alisema Doniyor. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Twendeni!"

"Kule?" Bibi Hosiyat alikinga jicho kwa mkono. "Kule hatujakanyaga tangu tukiwa wasichana."

"Ndiyo maana kutakuwa na maua," alisema Mahvash, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

Wazee waliambiwa wabaki. Waliambiwa na kila mtu, kwa zamu. Bibi Oymoh alijibu kwa kuzichukua fimbo zote mbili za Doniyor, moja kila mkono, na kutangulia. Bibi Zaragul alibebwa kwenye bonde dogo na vijana wawili waliopishanisha mikono ikawa kiti, akawapa amri njia nzima kama bibi harusi mwenye kisirani: "Polepole! Mimi si gunia la viazi! Haya, sasa haraka, nasikia baridi!"

Walipouvuka mkunjo wa mwisho wa kilima walisimama. Maua yalikuwa yamejipanga kandokando ya theluji yote, mengine yamefunguka, mengine bado yamefumba kama ngumi za watoto wachanga. Machache yalikuwa yametoboa theluji yenyewe, kila moja limesimama katika tundu lake dogo la duara. Jua lilipita ndani yao, likatoka na rangi ya siagi.

Bibi Oymoh aliziangusha fimbo. Mkono wake ukanyooka, wenyewe, kama mkono wa mtu anayeamka na kutafuta maji.

"Bibi," alisema Savri. "Hilo liache."

Mkono ukasimama. Bibi Oymoh aligeuka na kumtazama mjukuu wake kama angemtazama mbuzi aliyemsalimia. Tangu azaliwe Savri hakuwahi kumwambia hapana, hata kwa kijiko cha dawa.

"Niliache?"

"Liache, bibi yangu. Na mengine yote."

"Na machoni nitalipitishaje?"

Swali lilikuwa la haki. Wageni walimtazama Savri, Mahvash alimtazama, wale wazee wawili walimtazama. Moyo ulimdunda kooni, lakini sauti ilipenya kando yake.

"Hili limefungwa mizizi, haliwezi kukujia. Macho ndiyo yenye miguu. Yaende yenyewe."

Theluji ikadondosha tone, na jingine.

"Yaani," alisema Bibi Oymoh, "baada ya magoti ya kupandia, sasa unanitaka na ya kupigia?"

"Nitakushika."

Bibi alivuta pumzi, akashika bega la Savri, akashuka, goti moja, likalia kama ukuni mkavu, kisha la pili. Akaweka viganja kwenye tope. Akainama mpaka ua likagusa jicho lake la kulia, akausogeza uso taratibu hadi la kushoto, kisha nyusi. Alikaa hivyo muda, na walio karibu walisikia akinong'ona shukrani yake, ndefu kuliko kawaida, kwani alikuwa na majina mengi ya kutaja. Alipoinua uso, palikuwa na vumbi la manjano kwenye kope zake.

"Linanuka asali," alisema kwa mshangao. "Miaka yote hii nimelipokea likiwa limeshapoteza harufu njiani. Hosiyat! Njoo unuse!"

Hapo watu wote wakashuka chini. Ukingo mzima wa theluji ukajaa watu waliopiga magoti, vichwa chini, mikoba imewapanda shingoni, na sehemu zao nyingine zikielekea mbinguni. Mwewe aliyekuwa akizunguka juu lazima alijiuliza kondoo wa aina gani hawa. Doniyor alishuka vizuri, lakini kuinuka kukamshinda, ikabidi avutwe na watu wanne, huku Bibi Zaragul akiwahesabia kama watu wanaong'oa gari topeni.

"Mimi nimeng'oa meno ya nusu ya mji," alisema alipopata pumzi. "Leo nimejua jino linavyojisikia."

Mahvash alikuwa wa mwisho. Aliitazama suruali yake ya kijivu, akalitazama tope. Kisha akapiga magoti, yote mawili kwa mpigo, na hakuharakisha kama mara ya kwanza.

Chini kijijini iligundulika kwamba sambusa hazikuwepo. Aliyetakiwa kukanda unga alikuwa kilimani akichuma maua. Kwa hiyo wageni walikunja mikono ya mashati. Wengine walikata majani mabichi ya machipuo, wengine vitunguu, na Doniyor akakabidhiwa tanuri, akaunguza nyusi kidogo na kujisifu sana. Mabeseni matatu yaliwekwa madirishani, na mtu wa mwisho kijijini alipelekewa ua lake kabla ya adhuhuri.

Mahvash alikuwa akikanda, tope limekauka magotini. Alisema bila kuinua kichwa:

"Umesema Jumapili ijayo litakuwa juu zaidi?"

"Juu zaidi," alisema Savri.

"Sema wasikie waliokaa tanurini. Ndio watakaowaambia wenzao."

"JUU ZAIDI!" Savri aliita, na kutoka uani Doniyor akajibu kwamba amesikia, na meno yake yote yamesikia.

"Basi kaage hiyo mihuri yako," alisema Mahvash.

Savri akashika unga, akaukanda mahali ambapo ulikuwa umeshakandwa.

"Na sisi je?" Bibi Oymoh aliuliza kutoka pembeni, kwa sauti ya mtu asiyejali. "Au sisi ni wa kupika tu?"

"Nyinyi mje, mama. Bila nyinyi si matembezi. Muimbe. Ila mikono iwe mifukoni."

"Magauni yetu hayana mifuko."

"Hilo nawaachia."

Jumamosi iliyofuata Savri alirudi kijijini na begi lake lote. Alimkuta bibi yake dirishani na sindano, magauni matatu magotini, la kwake na ya wenzake wawili, akishona mifuko. Ilikuwa mikubwa. Mmoja ungeingia mkate mzima.

Savri aliitazama mifuko, akamtazama bibi.

"Usinitazame hivyo," alisema Bibi Oymoh, akakata uzi kwa jino. "Ni ya mikono tu."